Rubani Aliyeokolewa Mara Moja: Jack Frost, Kikosi cha 3 na Shambulio la Diredawa, 1941

Mimi ni mtu wa Magongo, Mombasa, lakini riziki yangu iko Nairobi, Industrial Area, kando ya barabara ya Likoni. Mtu wa pwani akifika hapa mara ya kwanza hudhani anafanyiwa mzaha. Barabara moja inaitwa Likoni, ya pili Lunga Lunga, ya tatu Changamwe, ya nne Shimo la Tewa, na hapana hata moja inayofika baharini.

Mchana, kelele za mashine zikipungua, mara nyingine hupita ndege ya jeshi juu ya mabati ya viwanda ikielekea upande wa Eastleigh. Baina yetu na huko kuna Makongeni, Kaloleni, barabara ya Jogoo, Shauri Moyo na Pumwani. Kiwanja cha Eastleigh leo ni kambi ya jeshi la anga, na kinaitwa Moi Air Base. Kabla ya uwanja wa Embakasi kufunguliwa mwaka 1958, hapo ndipo zilipokuwa zikitua ndege za abiria wa Nairobi. Na wakati wa Vita Vikuu vya Pili kilikuwa kituo kikubwa cha ndege za vita katika sehemu hii yote ya Afrika.

Babu yangu mzaa mama hakupata kukiona kiwanja hicho. Yeye alikijua kile cha kwetu, cha Port Reitz, ambacho leo ni uwanja wa ndege wa kimataifa wa Mombasa. Kilijengwa wakati wa vita na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini, na vibarua wa kuvunja mawe na kusawazisha ardhi walikuwa watu wetu. Babu alikuwa mmoja wao. Ndege zenyewe alikuwa akiziita "ndege za Makaburu". Alipokuwa akitusimulia husema hivi: "Zikitoka tatu, nasi tukingoja tatu. Siku moja zilirudi mbili. Hapana aliyetuuliza kitu, wala aliyetueleza."

Swali la yule wa tatu alikuwa ni nani ndilo lililonipeleka kusoma habari za marubani wale. Katika kusoma nilikutana na mmoja ambaye kisa chake kinafaa kujulikana na kila anayeishi karibu na viwanja hivi viwili. Nakieleza hapa kwa utaratibu, kisha nitasema kilichonikaa moyoni.

Vita vilivyotufikia mlangoni

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940. Wakati huo Waitaliano walikuwa wakitawala Somalia na Eritrea, na tangu 1936 walikuwa wameiteka Uhabeshi. Kwa hivyo Kenya, tangu Turkana mpaka Kiunga, ilipakana na adui karibu upande wake wote wa kaskazini na kaskazini mashariki.

Siku ya pili yake, tarehe 11 Juni, ndege za Kikosi cha 12 cha Jeshi la Anga la Afrika Kusini ziliruka kwenda kuangusha mabomu kwenye kambi za Waitaliano upande wa Moyale. Ndege zile zilikuwa aina ya Junkers Ju 86, zilizotengenezwa Ujerumani. Kabla ya vita zilikuwa zikibeba abiria wa shirika la ndege la Afrika Kusini, halafu zikageuzwa kubeba mabomu. Basi mabomu ya kwanza ya vita hivyo kutoka upande wetu yaliangushwa kwa ndege za Kijerumani juu ya rafiki wa Mjerumani.

Waitaliano nao hawakukaa kimya. Wajir ilipigwa mabomu siku chache baadaye. Mwezi wa Julai waliichukua Moyale. Mwezi wa Oktoba ndege zao zikafika Malindi zikaangusha mabomu, na watu wa mji ule wakajua kwamba vita vya Wazungu havina mpaka wa Wazungu. Mombasa ilikuwa na bandari ya Kilindini, ambayo silaha, magari na askari wote waliokwenda mbele walipitia hapo. Ndiyo maana kiwanja cha Port Reitz kikawa na haraka, na vibarua kama babu wakafanya kazi mpaka usiku.

Kwa nini Afrika Kusini? Kwa sababu Uingereza yenyewe ilikuwa ikipigana roho mkononi juu ya anga lake, na haikuwa na marubani wa kutosha kuleta huku. Serikali ya Afrika Kusini iliwatumia watu waliojitolea, na waliokubali kupigana popote barani Afrika walivaa utepe mwekundu begani. Haki ya kuruka na ndege hizo ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika mweusi wa nchi ile alipokelewa jeshini kubeba, kuchimba na kuendesha gari, wala hakupewa bunduki. Hili ni sehemu ya kisa, na nitalirudia.

Kikosi cha 3 na ndege zake

Kikosi cha 3 kiliundwa upya Septemba 1940 kikapewa ndege za Hurricane, kisha kikaletwa Kenya. Hurricane ilikuwa ndege ya Kiingereza yenye injini moja, kiti kimoja, na bunduki nane za rashasha, nne katika kila bawa. Kiti kimoja: neno hilo likumbukwe, maana kisa chote kimesimama juu yake. Waitaliano walikuwa na Fiat CR.42, ndege nyepesi ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, na rubani wake alikaa wazi kichwa kikipigwa na upepo. Ilijua kugeuka, lakini kwa mbio haikuiweza Hurricane. Walikuwa pia na Caproni Ca.133, ndege nzito ya injini tatu ya kubeba mabomu na askari.

Miongoni mwa marubani wa Kikosi cha 3 alikuwamo Kapteni John Everitt Frost, ambaye wenzake walimwita Jack. Alizaliwa Queenstown, mashariki mwa jimbo la Cape. Tarehe 3 Februari 1941, karibu na Afmadow, Somalia, aliangusha Caproni tatu na CR.42 moja kwa siku moja. Kwa kazi hiyo alipewa nishani ya DFC.

Mwezi huo ndio majeshi ya Jenerali Alan Cunningham yalipoanza mwendo mkubwa kutoka Kenya. Kismayu ilichukuliwa tarehe 14 Februari na Mogadishu tarehe 25. Halafu wakageuka kaskazini, wakaikata Ogaden. Jijiga ilichukuliwa tarehe 17 Machi, Harar tarehe 26, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Ni zaidi ya kilomita 2,500 katika muda usiofika siku 60. Waliotembea njia hiyo walikuwa askari wa King's African Rifles, yaani KAR, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, pamoja na askari wa Nigeria na Gold Coast na wale wa Afrika Kusini.

Jeshi likienda mbio namna ile katika nchi isiyo na miti ya kujificha, ndege za adui zikilikuta njiani linaumia. Kwa hiyo kazi ya kikosi ikawa si kungoja ndege za Waitaliano ziruke, bali kuzifuata kwao. Ndege iliyosimama chini ni rahisi kuiharibu kuliko ile iliyo angani, na Waitaliano, kwa kuwa Waingereza waliishika njia ya Suez, hawakuwa na njia ya meli ya kuletewa nyingine. Kila iliyoungua ilikuwa imekwenda. Ndege za mabomu zilivunja majengo na njia za kurukia, na Hurricane zilishuka chini kabisa zikapiga kwa rashasha zilizoegeshwa.

Tarehe 15 Machi 1941

Diredawa ni mji wa reli, katikati ya njia ya garimoshi itokayo Jibuti kwenda Addis Ababa. Ulikuwa na kiwanja kikubwa cha ndege za Kiitaliano. Tarehe 15 Machi, siku mbili kabla ya Jijiga kuchukuliwa, Hurricane za Kikosi cha 3 zilikwenda kukishambulia.

Mizinga ya kutungulia ndege iliifikia Hurricane ya Frost. Injini ya Hurricane hupozwa kwa kimiminika, mfano wa gari na rejeta yake. Risasi ikitoboa bomba, kimiminika humwagika, injini huchemka, na rubani huwa na dakika chache tu za kuamua. Frost aliamua kutua. Alikiona kiwanja kidogo cha akiba karibu na pale, cha adui vilevile, akaishusha ndege yake hapo, akatoka na kuitia moto ili isiokotwe.

Kwa desturi ya vita, mambo yangemalizikia hapo. Rubani aliyetua katika ardhi ya adui ni mateka, au ni maiti. Wenzake humzunguka mara moja juu, wakamtikisia bawa, wakarudi kuandika jina lake katika orodha.

Luteni Robert Kershaw hakurudi. Wakati wenzake wanawapiga Waitaliano waliokuwa pembezoni ili wasiinue vichwa, yeye alishusha magurudumu akatua kwenye kiwanja kilekile, huku risasi zinamfuata. Frost alimkimbilia. Hapo ndipo lilipokuja suala la kiti kimoja. Chumba cha rubani wa Hurricane ni chembamba hata kwa mtu mmoja mwenye mwavuli wake mgongoni. Frost akaingia, akamkalia Kershaw mapajani. Aliye juu, yaani Frost, alishika usukani na kukanyaga pedali. Aliye chini, Kershaw, asiyeona kitu mbele yake, akashughulika na magurudumu na vibawa vya kurukia. Ndege moja, watu wawili, kila mmoja na nusu ya kazi. Wakaruka, wakarudi salama.

Kershaw alipewa nishani ya DSO, ambayo kwa kawaida hupewa maofisa wa vyeo vikubwa kuliko cha luteni. Diredawa yenyewe iliingiwa na jeshi tarehe 29 Machi, wiki mbili baadaye.

Mara ya pili

Vita vya Uhabeshi vilipokwisha, marubani wa Afrika Kusini walihamishiwa kaskazini, jangwa la Misri na Libya. Frost, sasa Meja, akapewa kuongoza Kikosi cha 5, chenye ndege za Tomahawk za Kimarekani. Huko hapakuwa na Caproni wala ndege za mabawa mawili. Huko walikuwako Wajerumani na Messerschmitt 109, ambayo Tomahawk haikuiweza ikishapanda juu sana.

Tarehe 16 Juni 1942 kikosi chake kilikuwa kikisindikiza ndege za mabomu aina ya Boston, kuzilinda na wapiganaji wa Kijerumani. Kazi ya kusindikiza ni ngumu kuliko ya kuwinda, kwa sababu anayesindikiza hawezi kumfukuza adui akaenda naye mbali. Lazima abaki karibu na anachokilinda. Karibu na Bir Hacheim, Libya, Messerschmitt zikawashukia. Vita vilipotawanyika, Frost hakuwamo miongoni mwa waliorudi. Hakuonekana, wala ndege yake haikuonekana. Siku tano baadaye Tobruk ilianguka, na maelfu ya askari wa Afrika Kusini wakatekwa.

Katika hesabu ya jeshi lake ameandikiwa ndege 15 za adui, na hapana rubani mwengine katika vikosi vya Afrika Kusini wakati wa vita vile aliyemfikia. Kaburi hana. Jina lake limechongwa kwenye ukuta wa makumbusho ya Alamein, Misri, pamoja na wengine waliopotea jangwani.

Kilichonikaa moyoni

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila nikikisoma nakumbuka hesabu ya babu: zikitoka tatu, tunangoja tatu.

Nakiri kuwa si rahisi kumlilia rubani huyu bila kujiuliza. Alipigania dola iliyokuwa ikitutawala, akatumwa na serikali ambayo kijana mweusi wa Queenstown, mji wake mwenyewe, isingemruhusu kushika hata bunduki. Na mabomu yaliyoanguka Moyale na Diredawa yalianguka kwenye miji ya watu ambao hawakumwalika Mwitaliano wala Mwingereza. Lakini haki ni haki. Kershaw alipoishusha ndege yake alikuwa akimwendea mtu, wala si dola. Kitendo kile kingefanywa na nahodha wa jahazi wa Lamu, au na dereva wa lori wa hapa Industrial Area, tungekisifu vilevile.

Kinachonisumbua mimi ni jambo jingine. Frost hana kaburi, lakini tunajua alizaliwa wapi, aliruka na ndege gani, alipigwa siku gani, nani alimkalia mapajani, na ni siku gani hakurudi. Tunayajua kwa sababu kila jioni kikosi kilikuwa na mtu wa kuandika: nani katoka, nani karudi, nani hakurudi. Hilo ndilo lililomhifadhi.

Sasa tuitazame Nairobi. Katika makaburi ya vita ya barabara ya Ngong kuna mnara unaoitwa East Africa Memorial, wa waliokufa katika vita vya Pili bila kujulikana kaburi. Yumo Sajini Nigel Leakey wa KAR, aliyeuawa Colito, Uhabeshi, tarehe 19 Mei 1941 akaandikiwa nishani ya Victoria Cross. Wamo askari wa Kiafrika wa mizinga waliozama na meli ya Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Kilindini Februari 1944 ikapigwa na manowari ya Wajapani karibu na Maldivi, wakafa watu 1,297. Nilikwenda Jumapili moja nikasimama pale. Ni vizuri kwamba majina ya Kiafrika yamo.

Lakini rudi nyuma kidogo, vita vya Kwanza. Ile sanamu ya askari watatu katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, na dada yake iliyoko Mombasa, na ya Dar es Salaam, hazina jina hata moja. Mwaka 2021 tume inayosimamia makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri wazi kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao Waafrika wa mashariki na Wamisri, hawakuandikwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi ndio wengi. Walichoachiwa ni jina la mtaa: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, yote mawili yametokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi. Hapa Eastlands tuna na Burma, soko lililobeba jina la nchi walikopelekwa vijana wetu katika vita vya Pili. Mtu mmojammoja hayumo. Limebaki kundi, na mahali.

Na vibarua wa viwanja vya ndege je? Hao hata mtaa hawana. Port Reitz yenyewe ina jina la Luteni Reitz, ofisa wa wanamaji wa Kiingereza aliyefika Mombasa mwaka 1824 akafa kwa homa mwaka uleule. Miezi michache tu, na hori lote likaitwa kwa jina lake, kisha uwanja wa ndege, kisha mtaa, kisha hospitali. Aliyevunja mawe ya njia ya kurukia kwa miaka hakuachiwa hata kibao.

Silalamiki kwamba Reitz ana jina, wala kwamba Frost anakumbukwa. Nasema kwamba walikumbukwa kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuandika, na hao wetu hawakuwa naye. Kazi hiyo bado inawezekana, lakini muda ni mfupi. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Diredawa leo angekuwa amepita mia. Waliobaki ni watoto wao, nao ni wazee.

Nilipokwenda nyumbani Idi iliyopita nilichukua daftari. Nikakaa na mama yangu barazani, nikamuuliza mambo ambayo sikuwahi kumuuliza babu: alikuwa akitoka nyumbani saa ngapi, mshahara wake ulikuwa kiasi gani, msimamizi wake aliitwa nani, na wenzake aliokuwa akiwataja ni kina nani. Mama alikumbuka majina sita. Sita, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa hata hajazaliwa kiwanja kilipoanza. Mawili aliyakumbuka kwa lakabu tu, lakini jirani mmoja mzee alipopita akayakamilisha papo hapo, na la saba akaliongeza.

Nimeyaandika yote kwa wino, na tarehe niliyoyapata, na jina la aliyenipa. Ndege zikipita juu ya barabara ya Likoni siku hizi huwa nasita kidogo na kazi yangu, nikatazama juu, nikazihesabu.